Kompyuta ya Dada Haifunguliwi

Mume wangu Okusitino, ambaye hapa Tonga kisiwa kizima kinamwita Tino Kompyuta, hapimi kompyuta ya mpakato kama mafundi wenzake. Kwanza anaipandisha kwenye mizani yangu ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki za kanisa, na nimechoka kumwambia aifute baadaye. Kisha anatoka nayo hadi ngazi za nyuma, anaiweka mapajani, anaiwasha na kuiacha ifanye kazi nzito nusu saa. Akisema redioni kwamba mashine fulani ina joto, jueni mapaja yake yameshaonja. Halafu anaandika Sala ya Bwana, yote, mpaka amina, kwa vile vidole vyake vinene kama ndizi za kupika. Mpakato mdogo unaomfanya Mtonga abonyeze vitufe viwili kwa kidole kimoja, anasema, na ubaki huko huko ulikotengenezwa. Anatafuta pia ile alama ndogo ya kukata sauti, tunayoiandika karibu kila neno la pili. Akiikuta imefichwa pembeni kabisa, anaguna mpaka mbwa anaamka.

Betri anaipima kwa mazoezi ya kwaya. Mashine ikizimika kabla ya wimbo wa nne, inakatwa alama. Ikivuka mazoezi yote na ugomvi wa sauti ya pili unaofuata, basi hiyo ni betri.

Yote hayo anakwenda kuyasema redioni kila Jumamosi saa tatu asubuhi, baada tu ya matangazo ya vifo. Msidhani ni jambo dogo. Ndugu zetu wako Auckland, wako Sydney, na kila mmoja ana mpwa huku anayehitaji mpakato wa shule. Kabla hawajanunua wanapiga simu: hebu muulizeni Tino. Tino akisema ndiyo, mashine kumi zinapanda meli. Akisema hapana, zinabaki dukani kwa watu.

Nasimulia haya kwa shukrani, nisije nikaeleweka vibaya kwamba nalalamika. Ingawa kulalamika nako nitalalamika kidogo, maana nimeolewa naye miaka ishirini na minne na haki hiyo ninayo. Ninachotaka kusimulia hasa ni ile Jumamosi ambayo maneno yake ya redioni yalitaka kumwachisha chuo dada yake, wifi yangu Kalolaine, siku mbili kabla ya kumaliza.

Kalolaine ni mkubwa wa Tino kwa miaka mitatu na ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kolovai. Sitasema uongo, wifi yangu simpendi kila siku. Akija kwangu hupitisha kidole kwenye vioo vya dirisha, anakitazama, halafu ananitazama mimi. Lakini ni dada, na dada hapa kwetu yuko juu. Ndugu yake wa kiume haingii chumbani mwake, hakai kitandani mwake, hatazami naye filamu, hashiki vitu vyake, na maneno yao mazito hupitia kwa mtu mwingine. Vijana wa siku hizi wengine wameshayatupa hayo, unawakuta kaka na dada wanacheka kwenye simu moja. Tino ng'o. Tino dada yake akiingia mlango wa mbele, yeye anatafuta shughuli ya uani.

Na si mila tu. Baba yao alipofariki, karo ilitosha mtoto mmoja. Kalolaine alikuwa na miaka kumi na mitano na alikuwa wa kwanza darasani. Akatoka yeye. Akakaa na mama yake wakisuka mikeka na kugonga magome ya kutengenezea vitambaa vya sherehe, gongo mkononi asubuhi mpaka jioni, Tino akasoma kwa mikono hiyo mpaka akapelekwa Suva, kule Fiji, kusomea ufundi. Kalolaine baadaye akaanza kama msaidizi wa darasani, akapata cheti kwa njia ya posta, na akiwa na miaka arobaini na sita akajiandikisha shahada. Alifundisha mchana na kusoma jioni, miaka sita. Kazi yake ya mwisho ilihusu watoto mia tatu wa shule za magharibi, jinsi wanavyojifunza kusoma, mwaka hadi mwaka, na alama zao zote zilikuwa ndani ya mpakato mdogo wa kijivu aliotumiwa na binamu kutoka Auckland.

Huo mpakato ulikuwa aina ya Pelika, kioo cha inchi kumi na moja. Aliupenda kwa sababu uliingia kwenye kikapu chake cha kusuka pamoja na Biblia na chakula cha mchana. Tatizo lilikuwa ile programu ya hesabu ambayo chuo kilimwekea. Kila alipoiambia ichambue watoto wote mia tatu, mashine iliganda, mshale ukasimama, feni ikalia, basi. Hapo ilibidi azime aanze upya. Jumatano akamtuma mtu aulete kwangu, si kwa Tino, pamoja na ujumbe: "Muulize kama unaweza kusaidiwa. Kazi inatakiwa chuoni Jumatatu saa kumi jioni na hawaongezi tena siku. Isipofika, miaka yangu sita imekwenda na maji."

Sasa tazama mambo ya mume wangu. Wiki hiyo hiyo watu wa visiwa vya Vava'u na 'Eua walikuwa wanapiga simu redioni kuuliza habari za Pelika, kwa sababu duka moja Auckland lilikuwa linaziuza kwa bei ya chini. Pelika pekee aliyoweza kuifikia ni ya dada yake. Akaamua kuipima. Lakini ataipimaje naye haigusi?

"Meliame," akaniita kutoka mlangoni, "hebu iweke kwenye mizani."

Nikaiweka mimi. Gramu mia tisa na themanini, pamoja na unga.

"Sasa kaa nayo kwenye ngazi."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Kwa hiyo mapaja yaliyoungua wiki ile yalikuwa yangu. Nusu saa nimekaa juani, yeye amesimama kwenye kona ya nyumba, amenipa mgongo, anauliza: inachoma? Inachoma sana au kidogo? Kama pasi au kama chungu? Nikamwambia inachoma kama mwanamume anayeuliza maswali. Sala ya Bwana niliandika mimi, na vidole vyangu vyembamba havikupata shida hata kidogo, jambo ambalo halikumsaidia Mtonga mwingine yeyote. Kuhusu sehemu za ndani, kumbukumbu na diski, alichukua kile kijitabu kilichokuja na boksi, akavaa miwani, akasoma. Mimi nilidhani ataifungua baadaye. Sikuuliza, na hilo kosa ni langu.

Jumamosi saa tatu nikawasha redio huku namenya majimbi ya Jumapili. Sauti ya Tino redioni ni nzuri kuliko ya nyumbani, sijui kwa nini.

"Pelika ndogo," akasema, "ni nyepesi, na umbo lake ni zuri. Vitufe vya kutosha kwa mwanamke au mtoto. Betri inavuka kwaya. Matundu yake ni machache, mawili tu, mkipenda kuchomeka zaidi mtabaki mnachagua. Kwa barua, kwa masomo ya kusoma tu na kwa picha za harusi, haina neno. Lakini kumbukumbu yake ni giga nne, imeunganishwa kwenye bodi, haiongezeki. Kazi nzito haiwezi leo, na haitaiweza kesho. Aliyenayo asipoteze muda kuitafutia dawa."

Fononga, mtangazaji, akamshukuru, akaweka wimbo. Wimbo haujafika kiitikio simu yangu ikalia.

"Meliame."

"Naam, wifi."

"Nimesikia redio."

"Tumesikia wote, wifi."

"Basi huo mpakato mpe binti yako. Aandikie barua."

Nikaweka kisu chini. "Na kazi ya chuo?"

"Kazi gani tena? Tino amesema haina dawa. Nimeshaandika barua ya kujiondoa, Jumatatu naituma."

"Wifi, hebu subiri kwanza..."

"Nisubiri nini, nizeeke? Nimeshazeeka. Wewe pika chakula chako cha Jumapili." Akakata.

Hakulia. Kalolaine halii, anakauka tu sauti, na kukauka huko kuliniuma zaidi ya kilio. Nilisimama pale jikoni nikawaza jinsi huyu mwanamke anavyomwamini mdogo wake. Angeambiwa hivyo na fundi mwingine yeyote angebisha, angemtukana, angekwenda kuuliza kwingine. Lakini kwa kuwa aliyesema ni Tino, kwake jambo limekwisha.

Tino akaja saa tano, anapiga mluzi, mkate kwapani.

"Uliufungua?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Usinijibu nini! Mpakato wa dada yako. Uliufungua ukatazama ndani?"

Akauweka mkate mezani polepole. "Meliame, ule ni wa Kalolaine."

"Najua ni wa nani."

"Sasa nitaufunguaje?"

"Kwa bisibisi! Si unafungua za kisiwa kizima?"

"Za kisiwa kizima si za dada yangu. Mle ndani mna barua zake, mna picha zake, mna mambo yake. Nimvue dada yangu kifuniko mimi?"

"Ala! Nani kakwambia umvue dada? Ni bati na skrubu!"

"Kwako wewe ni bati na skrubu," akasema, na uso wake ukaniambia kwamba hapo hatasogea hata aletewe mchungaji.

Ndipo nikampasha yote: simu, barua ya kujiondoa, Jumatatu. Akavuta kiti, akakaa, akanitazama kama mtu aliyegonga mtoto kwa gari.

"Kijitabu kinasema giga nne zimeunganishwa," akasema.

"Kinasema hakuna nafasi nyingine?"

Akausogeza mkate mezani.

"Tino. Kinasema?"

"Hakisemi."

"Basi umewaambia watu kitu usichokijua."

Sijawahi kumwambia neno zito kama hilo kuhusu kazi yake, na nilijuta likiwa bado mdomoni. Lakini hakukasirika. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Kweli."

Fundi mwingine wa mjini alikuwa ameshafunga, amekwenda msibani. Na kesho yake Jumapili. Jumapili katika nchi hii hata nyundo inalala, na bisibisi pia. Kolovai tunapaswa kufika kabla jua halijazama. Nikafuta mikono kwa aproni.

"Leta bisibisi. Nitafungua mimi."

"Wewe? Wewe uliyeunguza pasi kwa kuitengeneza?"

"Pasi ilikuwa imekufa kabla sijaishika. Leta bisibisi, Tino, au nitumie kisu cha majimbi."

Akakimbia. Aliniletea bisibisi ndogo, akaniletea kisahani cha kuwekea skrubu, akaniambia nishike kwanza bomba la maji ili umeme wa mwilini unitoke, kisha akatoka nje, akageuza kreti la soda chini ya dirisha la jikoni, akakaa ametazama barabara. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, mimi mezani, yeye ukutani, dirisha katikati na mgongo wake upande wangu.

"Skrubu ziko ngapi?"

"Nane. Hapana, sita."

"Inua ile miguu ya mpira ya nyuma. Chini yake zipo mbili."

Kweli zilikuwepo. Hata bila kuutazama mpakato huo alijua zilipojificha, na mimi hapo hapo nikamsamehe nusu ya makosa yake. Nikatoa zote nane, nikapitisha ukucha kwenye mshono kama alivyonielekeza, na kifuniko kikaachia kwa sauti iliyonitoa roho.

"Imevunjika!"

"Haijavunjika. Hiyo ni salamu yake. Chomoa waya wa betri kwanza kabla hujagusa chochote. Wa rangi rangi, kushoto."

Katikati ya hayo, jirani yetu Soakai akapita na mzigo wa kuni za kuokea chakula cha Jumapili. Akamwona Tino ameketi kwenye kreti, anaongea na barabara.

"Ee Tino, leo umefukuzwa?"

"Niko kazini."

"Kazi ya kulinda ukuta?"

"Soakai, pita."

"Mwambie Meliame akuhurumie, angalau akupe maji!"

"Soakai," nikapaza sauti kutoka ndani, "usiende mbali na gari lako, nitalihitaji sasa hivi." Akaacha kucheka, akauliza kuna nini, Tino akamweleza kwa maneno matatu. Soakai akashusha kuni zake pale pale, akakaa chini kando ya kreti, naye akageuka kutazama barabara. Hakuna aliyemwomba ageuke. Kalolaine ni binamu yake upande wa mama, na kwetu binamu naye ni dada.

"Unaona nini?" Tino akauliza.

"Feni. Diski. Na hapa katikati kuna karatasi nyeusi imegandishwa."

"Kubwa?"

"Urefu wa kidole."

Nilisikia anashusha pumzi. "Inua pembe moja, taratibu, kama unavyobandua ngozi ya jani la majimbi."

Nikabandua. Nilikuwa nafikiria zile alama za watoto mia tatu, nafikiria kwamba nikikwaruza kitu hapa wifi yangu atapitisha kidole kwenye maisha yangu yote yaliyobaki.

"Kuna kama mdomo," nikasema. "Mrefu, mwembamba, una meno ya dhahabu."

"Una kitu ndani?"

"Hauna."

"Rudia."

"Ni mtupu, Tino. Mdomo mtupu!"

Nikasikia kofi. Alikuwa amejipiga paji la uso. Soakai akauliza, "Ni vizuri au vibaya?" na Tino akamjibu, "Ni vizuri, na mimi ni mpumbavu." Akaenda mbio kwenye kibanda chake. Anayo makopo ya vipande alivyovitoa kwenye mashine zilizokufa kwa mvua, vimbunga, mende, watoto, kila kipande kimefungwa kwenye karatasi na jina la marehemu. Akarudi, akapitisha mkono dirishani bila kugeuza kichwa, kiganjani kuna kipande cha kijani cha giga nane. Mkono wake ulikuwa na jasho. Nikakipokea kile kipande, na nikaushika mkono wenyewe kidogo kabla sijauachia.

"Kiinamishe, kisukume mpaka mwisho, kisha kilaze. Utasikia."

Kikalia, tak. Nikarudisha betri, nikabonyeza kitufe.

"Sema."

"Kiza."

"Hesabu mpaka sitini."

"Tino, kioo ni cheusi kabisa."

"Inajuana na mgeni wake. Hesabu."

Nikahesabu kwa sauti. Nje nao wakahesabu pamoja nami, mume wangu na Soakai, kama darasa la kwanza. Kufika arobaini na tatu, kioo kikawaka. Nikabonyeza aliponiambia, nikasoma nilichokiona, nikasoma tena kwa herufi moja moja ili nisikosee.

"Giga kumi na mbili."

Kupitia dirishani nikamwona akiinamisha kichwa magotini. Soakai akaniinulia mkono bila kugeuka: mwache kidogo.

Tulifika Kolovai kwa gari la Soakai jua bado liko juu ya minazi. Tino alibaki nyumbani kuangalia majimbi yasiungue. Kalolaine alitokea mlangoni na uzi wa kusukia begani, akatazama mpakato mikononi mwangu, akanitazama na mimi.

"Nilisema mpe binti yako."

"Binti yangu ana wake. Uwashe huu, wifi."

"Nani kaufungua?" Aliona mkwaruzo mdogo kwenye kona. Macho hayo hayakosi kitu.

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, wifi. Yeye alikuwa nje, amegeuka. Hajaona hata kioo. Soakai shahidi."

Akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo. Halafu akaingia, akaweka mpakato mezani, akawasha programu yake, akaiambia ichambue watoto wote. Feni ikalia. Mshale ukazunguka. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Dakika ya kumi na moja jedwali likatoka, safu kwa safu, kutoka mtoto wa kwanza mpaka wa mia tatu, halikukatika. Kalolaine akasogeza uso karibu na kioo, midomo inacheza, anasoma majina ya watoto wake. Kisha akaichukua ile barua ya kujiondoa iliyokuwa kwenye bahasha, akaikunja mara nne, akainama, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

"Kaa, Meliame," akasema. "Kunywa chai."

Jumapili hakuugusa. Alikwenda kanisani asubuhi na jioni, na kila aliyemwona anasema aliimba kupita kiasi. Jumatatu aliomba ruhusa shuleni, akaandika sura ya mwisho, na kazi ikaondoka saa kumi kasoro robo.

Jumamosi iliyofuata Tino alirudi redioni. Nilimwambia si lazima, atoe tu maelezo mafupi. Akasema waliomsikia akikosea wamsikie akijikosoa. Matangazo ya vifo yalipokwisha akaanza.

"Wiki iliyopita niliwaambia Pelika ndogo haiongezeki kumbukumbu. Si kweli. Sikuifungua. Mashine niliyopima ilikuwa ya dada yangu, nikasoma kijitabu, nikawasomea na ninyi. Aliyeifungua ni mke wangu. Ndani kuna nafasi moja tupu chini ya karatasi nyeusi, inapokea giga nane bila ugomvi, na kazi nzito inaiweza, polepole lakini bila kuganda. Diski pia inabadilishika, betri vilevile, skrubu mbili ziko chini ya miguu ya mpira. Joto lake ni la chungu, si la pasi, kwa ushahidi wa mke wangu. Kioo siwezi kukisifu wala kukilaumu, sikukiona. Walioacha kununua kwa sababu yangu wanisamehe. Aliyetaka kuacha jambo kubwa zaidi kwa sababu yangu, namwomba msamaha peke yake." Fononga akasahau kuweka wimbo, halafu simu zikaanza kuingia. Nilidhani watamcheka. Wachache walimcheka, wengi walimshukuru, na mzee mmoja wa 'Eua alisema yeye naye asingeufungua.

Basi nikadhani yameishia hapo. Miezi ikapita, viazi vikuu vikachimbwa, sikusikia kitu kutoka chuoni na sikuthubutu kumwuliza wifi. Tino ndiye aliyekuwa hali chakula vizuri. Kila Ijumaa ananiuliza, "Hajakwambia?" Namwambia hajaniambia.

Jumamosi moja ya Novemba niko jikoni, majimbi mezani, redio inaongea. Tino alikuwa anaelezea mpakato mwingine, mkubwa, mzito, asioupenda. Fononga akamkatiza.

"Tuna msikilizaji kutoka Kolovai. Karibu, mama."

"Asante. Mimi ni mwalimu. Nina maoni kuhusu ile Pelika ndogo."

Nilisimama. Sauti hiyo ningeijua hata ndani ya kisima.

"Toa, mama," Fononga akasema.

"Mwambie fundi wako," akasema Kalolaine, na fundi mwenyewe amekaa pale, hatua moja kutoka kwa Fononga, "mwambie matokeo yametoka jana. Nimefaulu. Nimepata shahada."

Fononga akapiga kelele ya furaha. Kalolaine akamngoja atulie.

"Mwambie na hili pia. Nilipotolewa shule, mama aliniuliza kama ninaumia. Nikamwambia hapana, mdogo wangu akisoma tumesoma wote. Nilimdanganya mama. Nilikuwa na wivu. Miaka thelathini na saba nimemwonea wivu ndugu yangu mwenyewe, nikimwona na vitabu vyake, na mashine zake, nikimsikia kwenye redio hii hii. Nilikuwa nampenda na nilikuwa na wivu. Jana nilipoliona jina langu kwenye orodha nikautafuta ule wivu, sikuuona. Mwambie umekwisha. Na mwambie mke wake, Meliame, kwamba mikono yake naiombea kila Jumapili."

Nilisikia kiti kikisogezwa, nikasikia mtu anajaribu kukohoa. Zamu ya kuongea ilikuwa ya Tino, na Tino ninayemjua, anayeongea mpaka usingizini, hakuweza. Mwishowe sauti yake ikaja kutoka mbali na kipaza sauti.

"Mwambie dada yangu asante."

"Mama," Fononga akasema, "fundi anasema..."

"Nimemsikia," akasema Kalolaine. "Nimemsikia mwenyewe." Na simu ikakatwa.

Mimi nilikaa chini pale pale jikoni, mikono imejaa maganda na utomvu wa majimbi. Nikaitazama, upande huu na upande huu, nikalia mpaka maji yaliyokuwa motoni yakachemka yakamwagika, na sikuinuka kuyaepua.